Wakili Asiye na Kibanja

Kwetu Karagwe mtu akifa, swali la kwanza si amekufa kwa nini. Hilo litajibiwa baadaye, na majibu yatakuwa mengi kuliko waulizaji. Swali la kwanza ni anazikwa wapi, na kwa kawaida halina hata haja ya kuulizwa, kwa sababu kila mtu ana kibanja chake, yaani ile migomba na mibuni inayoizunguka nyumba, na humo ndimo alimolala baba yake na babu yake, na humo ndimo atakamoingia yeye. Ndiyo maana simu ilipokuja kwamba Wakili Advera amefariki Dar es Salaam, na mpwa wake aliyenipigia akaongeza kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuchoka, "Shangazi, hatujui tumpeleke wapi," niliketi kwenye ngazi za ofisi za wilaya pale Rubwera, nilikokuwa nimekwenda kufuatilia mambo yangu ya kustaafu, nikalia mbele ya vijana wa bodaboda. Hakimu hafundishwi kulia hadharani. Siku hiyo nililia bila kufundishwa. Mwanamke aliyesimama mbele ya majaji wa dunia akitetea mipaka ya nchi za watu hakuwa na mpaka wake mwenyewe, hata wa kutosha kaburi moja. Huko mjini walikuwa wameshaanza kutaja makaburi ya manispaa, yale ambayo mtu huzikwa jirani na asiyemjua. Na mimi nilijua vizuri kwa nini hakuwa na kibanja, maana nilikuwa naishi kwake mwaka alipokitoa.

Nilifika kwake nikiwa kijana, nimetoka chuo kikuu na sanduku la bati, nikijiona nimebeba humo sheria zote. Wenzangu walikwenda Dar na Mwanza kujifunza kazi kwa mawakili wenye ofisi za ghorofa. Mimi nilimwandikia yeye, Bweranyange, kwa sababu nilikuwa nimemsikia akizungumza mara moja tu chuoni na nikakosa usingizi. Sebule yake naieleza kwa makini kwa kuwa haipo tena. Nyumba ilikuwa ya matofali ya kuchoma, paa jekundu, imekaa kwenye mteremko unaotazama kiwanja kidogo cha ndege cha nyasi huko bondeni. Ukutani hakukuwa na picha ya mtakatifu wala ya rais. Kulikuwa na ramani ya anga, mistari ya buluu ya njia za ndege iliyopita juu ya milima na maziwa bila kujali nani anaishi chini. Mezani palikuwa na majalada, miwani, na kopo la biskuti ambamo aliweka lile wigi jeupe la mawakili wa ng'ambo. Jirani mmoja aliwahi kulifungua akitafuta biskuti, akatoka mbio hadi barabarani, na tangu siku hiyo hakuna mwizi aliyewahi kuisogelea nyumba ile. Wakili alilisimulia jambo hilo kama ushahidi kwamba sheria inalinda mali.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kumsomea. Kila asubuhi niliketi kwenye kigoda karibu na dirisha nikasoma hati kwa sauti, naye anatembea huku na huku na kikombe chake cha kahawa. Karagwe nzima tunalima kahawa na tunakunywa chai. Buni zenyewe tunamtafunisha mgeni kwa heshima. Yeye alikuwa mtu pekee niliyemjua aliyeikaanga kahawa yake mwenyewe, akaitwanga, akainywa nyeusi, chungu, bila sukari. "Soma tena," alikuwa akisema. "Sheria isiyosomeka kwa sauti haijaeleweka, mwana wange." Nikikosea aya alisubiri tu niisikie mwenyewe. Mchana tulikula ndizi na maharage vilivyopikwa pamoja na kufunikwa kwa majani ya mgomba, na msimu wa senene, wale panzi wa kijani, ukifika tulikula senene hadi vidole vikang'aa, naye akiwa na chakula mdomoni ndipo alipozungumza vizuri zaidi. Yale niliyoyajua kuhusu maisha yake niliyajua mezani.

Alikuwa amesomea uwakili ng'ambo, akavaa wigi na joho, kisha akaitwa na nchi zilizogombana juu ya mto, juu ya ziwa, na mwishowe juu ya anga. Maana anga nayo ina wenyewe, jambo ambalo sikuwahi kulifikiria mpaka nilipoishi kwake. Katika shauri moja la ndege iliyoanguka, rubani aliyekuja kutoa ushahidi alimcheka mahakamani. "Mama," alimwambia, "umewahi hata kushika usukani?" Shauri lilikokotwa mwaka mzima, kama mashauri yote, na katika mwaka huo akaenda kujifunza kurusha ndege. Waliporudi mbele ya jaji alimwuliza yule rubani maswali hadi mwanaume akaomba maji ya kunywa. "Sikujifunza ili nimwaibishe," aliniambia akilamba kidole. "Nilijifunza kwa sababu swali lake lilikuwa la haki." Baadaye alirudi nyumbani akagombea ubunge, akashinda kipindi kimoja na kushindwa cha pili. Sababu niliipata sokoni Nkwenda, nikisikiliza wanawake wawili kwenye mafungu ya nyanya. "Yule mama," alisema mmoja, "ukimwuliza kitu anakujibu hichohicho ulichouliza." Mwenzake akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Sasa huyo atakuwaje mbunge?"

Katika kipindi kile kimoja alileta kiwanja cha ndege. Hakikuwa kitu cha kutisha, nyasi zilizokatwa na mawe yaliyopakwa chokaa, lakini ndege ndogo ya madaktari iliweza kutua na kumchukua mama aliyeshindwa kujifungua au mtoto aliyeungua. Kabla ya hapo wagonjwa walibebwa kwa machela, vijana wakipokezana begani, na mara nyingi walioondoka na mgonjwa walirudi na maiti. Watu walikipenda kiwanja kile kuliko walivyompenda mbunge wao. Na mwaka nilioishi kwake zilikuja habari kwamba kitarefushwa, ili ndege kubwa zaidi, yenye vitanda na daktari wa upasuaji, iweze kutua. Yeye mwenyewe ndiye aliyeiomba ndege hiyo akiwa mbunge. Siku habari zilipofika alivaa viatu vya kutokea akateremka bondeni peke yake kwenda kukitazama.

Basi asubuhi moja akaingia Ma Paskazia. Alikuwa mjane wa ng'ambo ya pili ya bonde, mama mrefu mkimya, na alikuja na mkungu wa ndizi kichwani kwa sababu mkono mtupu haulambwi. Alikataa kiti, akaketi kwenye mkeka. Yeye na Wakili walisalimiana kwa Kinyambo, lugha ya kwetu, kwa muda wa kutosha chai kuchemka, wakiulizana mvua, migomba, wagonjwa, mmoja mmoja, ndipo akasema, "Nimekuja kwa sababu ya mume wangu."

"Mume wako si alifariki, Ma Paskazia?"

"Ndiye huyo. Wanataka kumlaza chini ya ndege."

Nikamwona Wakili akisimama na kwenda dirishani. Kiwanja kikirefushwa kwa kufuata mstari wake, kingepanda hadi kwenye kibanja cha mama huyu na kukimaliza, nyumba, mibuni, na makaburi ya mume wake na binti yake. Fidia ingekuwapo, lakini fidia huwezi kuilaza kando ya mume wako. "Kiwanja kile ni changu," Wakili alisema bila kugeuka. "Nimekililia Bungeni."

"Najua, waitu," alisema kwa neno letu la heshima. "Ndiyo maana nimekuja kwako na si kwa mwingine. Aliyekileta ndiye anayejua pa kukishika."

Alipoondoka, nilimwambia Wakili kwamba shauri hili si la kwetu, kwamba linapingana na kazi yake mwenyewe, na nikataja kifungu. Alinitazama kwa huruma fulani. "Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga," alisema. "Andika barua, tunalichukua."

Jalada lilipokuja, lilikuwa jembamba na baya. Wapimaji walikuwa wamefika kwenye kibanja kile zaidi ya mara moja, na kila walipofika waliandika maneno yaleyale: mwenye eneo hakujitokeza, hakuna pingamizi. Kwa karatasi, Ma Paskazia alikuwa amekubali. Kilichobaki ni kamati kutoka mkoani kuja kukaa siku moja na kupiga muhuri. Wakili alimwita, akamkaripia kama anavyokaripiwa ndugu. "Mficha uchi hazai, Ma Paskazia. Watu walipokuja kupima ulikuwa wapi?"

"Nilikuwepo."

"Ulikuwepo wapi?"

"Nyumbani."

"Sasa kwa nini hukutoka ukasema?"

Ma Paskazia alivuta kanga akafunika kichwa, akatazama ukuta. Wakili Advera alikuwa amewahoji majenerali na mawaziri hadi wakasema wasiyotaka, lakini mbele ya kanga ile alishindwa. Siku iliposikika kwamba wapimaji wanarudi kuweka vigingi, aliamua twende tukakae hukohuko kwa Ma Paskazia tuone kwa macho yetu.

Nyumba ya Ma Paskazia ilikuwa safi, sakafu imetandikwa nyasi mpya zenye harufu ya mvua, na juu ya mlango kulikuwa na msalaba mdogo wa majani ya Jumapili ya Matawi. Alitupatia kwanza buni za kutafuna, kisha ndizi za moto kwenye jani. Tulikuwa tunakula tunaongea kuhusu ugonjwa wa migomba tuliposikia sauti za wanaume njiani. Ma Paskazia aliinuka ghafla, chakula kikamwagika, akaingia chumba cha ndani akafunga mlango kwa komeo. Nilichungulia nje. Wapimaji wawili walikuwa wanasubiri mbali na chombo chao cha miguu mitatu. Wa tatu, kijana mwembamba, alisimama uani kati ya mibuni, lakini alikuwa ameipa nyumba mgongo. Alipiga hodi akiielekea migomba. "Hodi wenyewe! Tumekuja kupima!" Alisubiri, ameinamisha kichwa, kisha akawapungia wenzake mkono kwamba hakuna mtu. Wakili aliutazama ule mgongo, akautazama mlango uliofungwa, akarudi kuutazama mgongo.

"Winfrida," aliniuliza polepole, "yule kijana ameoa wapi?"

Jibu lilitoka nyuma ya mlango, kwa sauti ndogo kama ya mtoto: "Hapa."

Wakili alianza kucheka, akaketi chini kabisa kwenye zile nyasi akicheka, na nilipomtazama vizuri nikaona anafuta machozi. Kwetu mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawatazamani. Wakikutana njiani mmoja huingia vichakani. Hatamki jina la mwenzake, hali chakula mbele yake, na akimwona kwa mbali hujificha. Si kwa chuki, bali hiyo ndiyo heshima yenyewe. Nilikuwa nimemwona mama yangu akifanya hivyo maisha yangu yote, na bado nililisoma lile jalada mchana na usiku nikitafuta kosa kwenye vifungu. Ma Paskazia asingeweza kutueleza, maana kueleza kungekuwa kumtaja. Hivyo kila mara ofisi ilipomtuma mtu kumwuliza kama anakubali, ilimtuma mtu pekee katika bonde zima ambaye hakuruhusiwa kumwona. "Nimekaa nchi za watu hadi nimesahau kwetu," Wakili alisema akijipangusa. "Mbona ni wazi hivi!"

Kijana aliitwa Projestus. Alikuja nyumbani kwa Wakili jioni alipoitwa, akaketi ukingoni mwa kiti kama anayeogopa kukichakaza, nami nikiwa chumba cha chakula nikifuta sahani zilizokwisha kukauka, nikawasikiliza. Wakili alimwuliza kwa nini hakumwambia mkubwa wake. "Mkubwa wangu ni mtu wa mbali," alisema Projestus. "Nikimwambia, ataniuliza kama mimi ni mpima ardhi au ni mwanakijiji. Kazi hii ndiyo nimeipata sasa hivi, Mama."

"Kwa hiyo ukaandika hakujitokeza."

"Nimeandika nilichokiona. Sikumwona."

"Ulimsikia?"

Niliacha kufuta. "Nilisikia mlango, Mama," alisema mwishowe. "Kila siku nilisikia mlango."

"Utalisema hilo mbele ya kamati?"

"Nitafukuzwa."

"Huenda," alisema Wakili. Hakuwahi kumdanganya mtu ili amtumie, na hiyo ni sifa ambayo nimeitafuta kwa mawakili wengi tangu wakati huo bila mafanikio makubwa. "Kalale. Ukiamua, njoo. Usipoamua, sitakuita."

Katika wiki zile za kusubiri kamati alinipandisha ndege. Rubani wa madaktari alimheshimu kama mwalimu wake, na siku moja walipokuwa wanakwenda kupeleka dawa alitubeba, na kule juu akamwachia Wakili usukani. Mimi nilitapika kwenye kofia yangu mpya ya Jumapili. "Acha kutapika utazame," aliniambia bila kugeuka. "Unaona nini?" Niliona migomba, vibanja vya kijani kizito vilivyoshonwa pamoja, na mimea inayopandwa kuonyesha mipaka ikipita katikati yake. "Tazama moshi," akasema. Ilikuwa saa ya kupika. Kila jiko bondeni lilikuwa linafuka, na moshi wote ulilala upande mmoja, ukishuka na bonde. Kiwanja hakikulala hivyo. Kilikaa upande kidogo, na ndiyo maana, alisema, kila alipotua pale alihisi ndege inasukumwa ubavuni. Waliochora walifuata uwazi uliokuwepo, hawakufuata upepo. Alizunguka mara nyingine, na nilipofuata macho yake niliona anatazama paa jekundu, nyumba yetu. Nilidhani anaipenda tu kutoka juu, kama sisi wote tunavyofurahi kuona kwetu kwa mbali.

Kamati ilikaa darasani, shule ya msingi, watu wakajaa hadi madirishani. Wengi walikuja kumpinga Ma Paskazia na siwalaumu, walikuwa na wake na watoto. Wakili alitangulia asubuhi na mapema akafunga kamba toka dirisha hadi dirisha, akatundika juu yake mkeka mkubwa aliouazima parokiani. Nyuma ya mkeka aliweka kiti. Mwenyekiti wa kamati, bwana mpole aliyetoka mikoa ya mbali, aliutazama kwa mashaka. "Wakili, hiki ni kitu gani? Hapa si kwenye ngoma."

"Ndugu mwenyekiti," alijibu, "nimewahi kumhoji shahidi aliyekaa nyuma ya kioo cheusi, mbele ya majaji waliotoka kila pembe ya dunia, kwa sababu kuonekana kungemdhuru. Hakuna aliyekiita kile kioo ngoma. Mama huyu naye ana sababu ya kutoonekana na mtu mmoja aliyemo humu. Sisi hatuna vioo. Tuna mikeka."

Watu walicheka, na mwenyekiti naye akacheka kidogo, na hapo nikajua mkeka utabaki. Akafungua jalada, akauliza kama ilivyoandikwa, "Mwenye eneo yupo?"

"Nipo," ikasema sauti nyuma ya mkeka.

Projestus alikuwa amesimama mlangoni. Hakuna aliyemwita. Alitembea hadi mbele, akauelekezea mkeka mgongo, akasema kwamba yeye ni mkwe wa nyumba ile, kwamba kila alipopiga hodi alisikia mlango unafungwa, na kwamba aliandika hakuna mtu huku akijua yupo. Mkubwa wake alitazama viatu vyake. Kisha Ma Paskazia akasema, na nadhani aliweza kusema kwa vile hakuona macho ya mtu.

"Mimi sipingi ndege," alisema. "Pale kwangu analala mume wangu, na analala binti yangu mdogo. Huyo binti alifia kwenye machela. Uchungu ulimshika, tukambeba usiku kucha, akafia kabla ya kufika. Kiwanja kilikuwa bado. Kingekuwepo angekuwa ananipikia leo. Sasa nipingeje ndege? Nawaomba kitu kimoja. Msimtoe. Amekwisha kubebwa vya kutosha."

Wale waliokuja kumpinga walikaa chini. Mwanamke aliyekuwa mbele yangu alijifunika uso kwa kanga, na mimi, niliyekuwa naandika kumbukumbu, niliacha kuandika. Mwenyekiti alivua miwani akasema kwa sauti ya chini kwamba sasa amebanwa huku na huku: ndege inatakiwa, na mama huyu hawezi kuguswa. Ndipo Wakili alipochukua chaki. Alichora bonde ubaoni, akachora moshi, akachora kiwanja, kisha akakigeuza kidogo, kama mtu anavyogeuza kitanda chumbani ili mlango ufunguke. Kikigeuzwa hivyo, alisema, kingelala na upepo na kingepata urefu wote bila kugusa makaburi. Mhandisi wa kamati alisimama, akapima kwa macho, akauliza maswali mawili matatu ya upepo na mteremko, akajibiwa, akaketi akiandika haraka.

"Na huo mstari mpya," aliuliza mwenyekiti, "unapita juu ya kibanja cha nani?"

"Changu."

Sikuamini. Niliinuka kutazama ubao, na kweli chaki ilikuwa imepita juu ya paa jekundu.

"Kina makaburi?"

"Hakina. Baba yangu alikuwa katekista, yeye na mama wamelala makaburi ya kanisa, ambayo yamekwisha kujaa. Kaburi la kwanza lingekuwa langu." Alijifuta chaki mikononi. "Mimi nina muda wa kutafuta pengine. Wa kwake hawana."

Jioni ile nilimkasirikia, na nikamwambia. Alikuwa jikoni anamenya ndizi, nikasimama mlangoni nikamwambia kwamba pingamizi lilikuwa limeshashinda, kwamba Ma Paskazia hakusikilizwa na kisheria hilo lilitosha, hakuna aliyemwomba nyumba. "Ni kweli," alisema. "Ma Paskazia angeshinda. Na ndege isingekuja, na mwakani tungembeba binti wa mtu mwingine." Akaendelea kumenya. "Nimewatetea watu wengi waliokataa kusogea hata unyayo, Winfrida. Kila mmoja alikuwa na haki, na nikashinda, na nikaondoka na joho langu. Mara hii aliyetakiwa kusogea nilikuwa namfahamu." Akaniambia nilete sufuria. Tulikula, na naona hata leo ndizi hazijawahi kupikika vizuri namna ile.

Nyumba ilibomolewa kabla ya mwaka wangu kuisha. Alikunywa kahawa yake ya mwisho akiwa ameketi juu ya kreti uani, watu wakitoa mabati, akawaambia wayapeleke shuleni. Alikunja ramani ya anga akaondoka kwenda Dar, akafundisha, akaendelea kuitwa na nchi za watu hadi uzeeni, na kila alipotembelea huku alilala kwa masista. Projestus hakufukuzwa. Kopo la biskuti alinipa mimi, na wajukuu wangu wanaliogopa vilevile. Mimi nikawa hakimu. Si hakimu mkubwa, lakini katika miaka yangu yote kortini sikuwahi kuandika kwamba mtu hakufika bila kuuliza kwanza ni nani aliyetumwa kumwita. Makarani walinichoka. Mara nyingi hakukuwa na lolote, mtu alikuwa amelewa tu. Lakini mara nyingine nyuma ya neno lile kulikuwa na mlango na mtu aliyesimama nyuma yake, na hapo nilimkumbuka na kumshukuru.

Siku ya pili baada ya ile simu nilikuwa nyumbani kwangu Nkwenda ilipoingia bodaboda, akashuka mzee mwenye mvi. Nilimtambua kwa mabega. "Shikamoo, Mheshimiwa," alisema, nami nikacheka katikati ya msiba, kwa sababu Projestus ananizidi umri.

"Marahaba nitaitoa wapi, kaka yangu? Ingia."

Hakuingia. "Nimetumwa," alisema.

"Na nani?"

Aliinamisha kichwa. Miaka yote ile, na bado hakumtaja. "Na yeye. Amemwambia mke wangu, mke wangu kaniambia. Amesema mpwa wa Wakili aache kutafuta. Nafasi ipo, kati ya mzee na binti."

Uhakimu haukuniacha hata hapo. Nikamwambia kwamba mtu wa ukoo mwingine hazikwi tu katika kibanja cha watu, kwamba wenye ukoo watasema, na wana haki ya kusema.

"Wamekwisha kusema," alijibu. "Waliitwa jana. Waliongea sana. Kisha akaongea yeye. Wakaanza kugawana kazi ya kuchimba."

Jeneza lililetwa kwa ndege. Tulisimama ukingoni mwa kiwanja, watu wa pande zote za bonde, na niliiona ikishuka ikiukabili upepo, imenyooka, bila kuyumba, magurudumu yakigusa nyasi mahali ambapo kwa hesabu zangu palikuwa sebuleni, karibu na dirisha nilipokuwa nasoma. Wanaume walilibeba jeneza kwa mabega kupanda ng'ambo ya pili, Projestus akiwa mbele. Kwa Ma Paskazia migomba ilikuwa imefunga kivuli, na kati ya migomba miwili, karibu na shimo, Projestus mwenyewe alikuwa ametundika mkeka. Mwenyekiti wa kijiji, kijana aliyezaliwa baada ya mambo haya yote, alifungua karatasi yake. Alitazama huku na huku, hakumwona aliyemtafuta, akauliza kama inavyotakiwa kuulizwa mgeni anapoletwa kuzikwa katika ardhi ya mtu, "Mwenye kibanja yupo?"

"Nipo," akasema Ma Paskazia nyuma ya mkeka. "Mleteni, huyu ni wa hapa."